Iqaluit hadi Nuuk haipimwi kwa rula

Juzi nimeletewa tena hesabu ileile. Mtu kaweka rula juu ya ramani, kapima Iqaluit, Kanada, hadi Nuuk, Greenland, kwa skeli ya ikweta, kapata kilomita 1,880. Anauliza ndege ya pangaboi inafikaje kwa chini ya saa mbili. Kazi yangu ni kupanga safari za ndege, na swali hili limenichosha.

Miji hii imeachana kwa takriban nyuzi 17 za longitudo. Kwetu kwenye ikweta uzi mmoja ni kilomita 111, lakini longitudo zote hukutana nchani. Kwenye latitudo ya 64 uzi mmoja haufiki kilomita 49. Ramani ya Mercator, kama hiyo aliyoipima, huyaficha hayo kwa kuivuta kaskazini: hapo imetanuka mara 2.28. Umbali wa kweli, tukiichukulia dunia kuwa tufe kamili, ni kilomita 822.

Wanaoniudhi zaidi ni waliokwisha kusikia habari za duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Hao huja na uhakika kwamba rubani akipinda kuelekea kaskazini ataokoa nusu ya njia. Jamani, pigeni hesabu! Ni kweli tao la duara kuu hupanda kama kilomita 27 juu ya mstari ulionyooka wa kwenye ramani, ila kinachookolewa ni kama kilomita mbili tu. Duara kuu lina faida kubwa kwenye safari ndefu, si hapa. Ukiacha tufe ukatumia umbo halisi la dunia, iliyobonyea nchani, utapata karibu 825. Yaani kuchagua umbo la dunia kunabadilisha jibu kuliko kuchagua njia, na sijawahi kuona mtu akiligombania hilo.

Muda ni habari nyingine. Kwa mwendo wa kilomita 500 kwa saa, bila upepo, ni saa 1 na dakika 39. Upepo wa magharibi ukivuma kilomita 70 kwa saa, kwenda Nuuk ni saa 1 na dakika 27, kurudi ni saa 1 na dakika 55. Ndege ileile, njia ileile.

Wala msitafute muda wa safari kwa kutoa saa za kwenye tiketi. Nuuk iko mbele kwa saa tatu: ukiondoka huko saa nne asubuhi, utatua Iqaluit kabla saa ya hapo haijafika nne.

Juu ya hesabu ya muda wa angani mimi huongeza dakika 15 za kupaa na kujipanga kutua. Sina fomula yake, ni mazoea, na kuna siku hazitoshi. Ndiyo maana mafuta ya kwenda Nuuk naweza kuyahesabu hadi Kangerlussuaq, uwanja mwingine wa Greenland ulio kilomita 316 zaidi kaskazini, ukungu usije ukafunga uwanja wa Nuuk tukiwa tumeshafika juu yake.