Thamani ya Karura haiko kwenye risiti ya langoni

Mkazi wa mtaa wa Umoja anayekwenda kutembea katika Msitu wa Karura jijini Nairobi hulipa ada langoni, lakini ada hiyo ni kipande tu cha alichotoa. Kuna nauli ya matatu, basi dogo la abiria, ya kwenda tao, yaani katikati ya jiji, matatu nyingine hadi Limuru Road, kurudi vivyo hivyo, na saa kadhaa za Jumamosi yake. Wachumi hujumlisha vyote hivyo na kusema: hiyo ndiyo bei ya ziara moja. Kipimo kinachojengwa juu ya wazo hili huitwa mbinu ya gharama za safari. Mwanauchumi Harold Hotelling alilipendekeza mwaka 1947 katika barua kwa idara ya hifadhi za taifa ya Marekani, na Marion Clawson akaliendeleza mwaka 1959.

Kinachotafutwa si jumla ya pesa zilizotumika. Ni ziada ya mlaji: pengo kati ya kiasi ambacho mtu angekubali kutoa na kile alichotoa. Mkazi wa Muthaiga hufika kwa gharama ndogo, wa Rongai kwa gharama kubwa, na msitu ni uleule. Tukiona jinsi ziara zinavyopungua kadiri gharama inavyopanda, tunajua watu wangefanya nini endapo bei ingepandishwa, bila kumpandishia yeyote.

Chukua mfano wa tarakimu za kubuni. Ukanda wa karibu una watu 100,000, gharama ya ziara ni shilingi 200, ada ikiwemo, na ziara ni 40,000 kwa mwaka, yaani 400 kwa kila watu 1,000. Ukanda wa kati una watu 300,000, gharama 400, ziara 300 kwa kila 1,000. Wa mbali una watu 500,000, gharama 600, ziara 200 kwa kila 1,000. Kila shilingi 200 inapoongezeka, ziara 100 zinapotea. Mstari unaochorwa kwa namba hizo unagonga sifuri ya ziara gharama ikifika 1,000. Ziada ni eneo la pembetatu iliyo juu ya gharama ya kila ukanda. Wa karibu: nusu ya 400 mara 800 (yaani 1,000 toa 200) ni 160,000 kwa kila watu 1,000, hivyo milioni 16 kwa ukanda mzima. Wa kati ni milioni 27, wa mbali milioni 20. Jumla ni shilingi milioni 63 kwa mwaka, kwa ziara 230,000: kama shilingi 274 kwa ziara. Ikiwa ada ni 100, langoni huingia milioni 23, na zile 63 ziko juu yake. Hakuna daftari la mapato litakalozionyesha.

Hesabu ni rahisi. Kazi iko kwenye dodoso. Muda ndio unaoharibu matokeo mara nyingi. Desturi ni kuuthamini kwa theluthi ya mshahara wa saa: anayepata 48,000 kwa saa 160 za kazi hupata 300 kwa saa, hivyo saa mbili za njiani ni shilingi 200. Ukiuacha, gharama ya wakazi wa mbali inaonekana ndogo kuliko ilivyo, ziara zinaonekana kupungua haraka kupita kiasi kwa kila shilingi, na msitu unaonekana wa bei rahisi. Pima muda kwa kuuliza, si kwa kilomita za ramani. Foleni ya Thika Road haimo kwenye rula. Nauli nayo iulizwe ya siku ile, maana mvua ikinyesha makanga hupandisha. Petroli ya gari lenye watu wanne igawanywe kwa wanne. Chakula ambacho mtu angekula hata akibaki nyumbani kisiingie.

Tatizo la pili ni safari yenye shughuli nyingi. Mtalii aliyekuja kuona nyumbu Maasai Mara na kupitia Karura asubuhi moja hawezi kuhesabiwa tiketi yote ya ndege. Ama mgawie sehemu, ama mwondoe kwenye sampuli na uliseme hilo waziwazi.

La tatu halionekani kwa macho. Ukihoji langoni, mkimbiaji anayekuja mara tatu kwa wiki ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana nawe kuliko anayekuja Krismasi tu, na asiyekuja kabisa hukutani naye. Wanaotumia data ya mtu mmoja mmoja hukadiria idadi ya safari kwa modeli ya Poisson, modeli ya takwimu kwa vitu vinavyohesabika, na kurekebisha kasoro hiyo ni kwepesi ajabu: toa 1 kwenye idadi ya safari za kila mhojiwa kabla ya kukadiria. Ziada kwa safari ni 1 gawanya kwa kizigeu cha gharama, yaani namba ambayo modeli hutoa kuonyesha jinsi safari zinavyopungua gharama inapopanda, bila alama ya kutoa. Kizigeu kikiwa −0.004, ni shilingi 250. Uliza pia kuhusu mbadala: mwenye Arboretum, bustani ya miti ya jijini, mlangoni kwake hana sababu ileile ya kuvuka jiji.

Mbinu hii huhesabu wageni tu. Waliosimama na Wangari Maathai mwaka 1999 kuzuia Karura isigawanywe viwanja, wakiwemo wasiotembea humo, hawamo kwenye pembetatu. Na aliyehamia Runda ili awe karibu na miti ana gharama ya safari inayokaribia sifuri, kwa sababu alishailipia kwenye kodi ya nyumba. Thamani anayoipata yeye hupimwa kwa kulinganisha bei za nyumba zinazofanana kwa yote isipokuwa umbali kutoka msituni.