Si kila mtama mwekundu ni mchungu

Tangu zamani tunaambiwa mtama mwekundu ni mchungu, haufai kwa ugali wala kwa kuku. Si kweli kwa wote. Uchungu hutokana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye utando mwembamba chini ya ganda la punje. Rangi ya ganda ni jambo jingine. Zipo mbegu nyekundu zisizo na utando huo kabisa. Kwangua ganda kwa wembe: ukikuta tabaka la kahawia, tanini ipo. Mtama huo huwazuia kuku kunufaika vizuri na protini, lakini kwelea kwelea huukwepa, nafuu kubwa kwa mkulima asiye na wa kuamia ndege. Macia, mbegu nyeupe inayolimwa Dodoma, haina tanini. Kenya, mbegu nyingine ya mtama iitwayo Gadam hununuliwa kutengenezea bia.