Mchoro uliofuatishwa hauwi wako kwa kutiwa saini

Kila inapokaribia Nane Nane, wachoraji wa Mbeya na mikoa ya jirani huleta kazi zao ofisini kwetu kuomba nafasi katika mabanda ya sanaa pale viwanja vya John Mwakangale. Mimi ni afisa utamaduni, na kipindi hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu meza yangu hujaa michoro badala ya barua. Lakini miaka ya karibuni kimegeuka pia kuwa kipindi cha malalamiko. Mtu anaingia na simu mkononi, anafungua picha, anasema: "Mama, hii ni kazi yangu. Na hii nimeikuta inauzwa Mwanjelwa ina jina la mtu mwingine."

Nieleze shauri moja, bila majina, kwa kuwa yamo ndani yake mambo mengi ninayoulizwa kila siku.

Binti mmoja wa Tukuyu alichora kwa penseli bibi aliyejitwika mkungu wa ndizi, mkono mmoja ukiushikilia. Aliipiga picha kazi hiyo na kuiweka mtandaoni. Baada ya miezi michache mchoro ule ule ukaonekana kwenye fremu, umetiwa rangi, nyuma umewekwa milima, na pembeni kuna saini ya kijana wa hapa mjini. Niliwaita wote wawili. Niliziweka kazi zao juu ya kioo cha dirisha, moja nyuma ya nyingine, jua likipenya. Uso ulilala juu ya uso. Mikunjo ya khanga ililala juu ya mikunjo. Kisha binti akanionyesha kidole gumba. Katika mchoro wake kidole hicho kilitoka kirefu kupita kiasi. Alikosea, akagundua akiwa amekwisha kukoleza kivuli, akakiacha. Kwenye kazi ya kijana kidole kilikuwa kirefu vile vile.

Sehemu moja tu ilikataa kulingana, nayo ni juu, kwenye mkungu. Wa kijana ulikuwa mwembamba zaidi. Sababu ni kwamba binti aliupiga picha mchoro ukiwa umeegemezwa ukutani, simu ikiwa chini, kwa hiyo sehemu ya juu ikaonekana imebanwa. Kijana alifuatisha picha ya simu, yaani alipitisha kalamu juu ya mistari yake, akafuatisha na ule ubanaji wake. Mtu aliyemwona bibi kwa macho yake hawezi kumchora akiwa na kosa la simu ya mtu mwingine.

Kijana hakubisha kwamba aliiona picha ile. Alichosema ni hiki: "Mama, mimi sikuprinti. Nimechora kwa mkono wangu, siku tatu nzima." Nilimjibu, "Mwanangu, siku tatu zako ni za kweli, lakini bibi si wako." Jibu lake nimelisikia mara nyingi mno, na nasema wazi kwamba limenichosha. Sheria ya hakimiliki haiulizi kama umetumia mkono, mashine ya fotokopi, karatasi ya kaboni, meza ya kioo yenye taa chini, au tableti ambayo unaiweka picha ya mwenzako safu ya chini, unaififisha, kisha unachora juu yake. Haki ya kutoa nakala ni ya mtunzi. Nakala ni nakala hata ukiitolea jasho.

Hapa niwatulize wanafunzi na walimu wa sanaa, maana wengine wameanza kuogopa hata kugusa karatasi ya kufuatishia. Kufuatisha, au kutresi kama vijana wanavyosema, ni njia ya zamani ya kujifunza, na sheria inaruhusu kunakili kazi iliyochapishwa kihalali kwa matumizi yako binafsi. Fuatisha daftarini mkono ujue mikunjo ya nguo inavyokwenda. Fuatisha farasi mara ishirini. Kufuatisha picha yako mwenyewe, au rasimu yako ukiihamishia kwenye turubai, ni kazi ya kawaida ya kila mchoraji. Daftari likitoka nje ya chumba chako na kuwa bidhaa, maonyesho, au kazi ya kushindania zawadi, hapo ndipo swali la ruhusa linapoanza.

Na saini ni jambo zito peke yake. Watunzi wana haki mbili: ya kunufaika na kazi, na ya kutambuliwa kuwa kazi ni yao. Wengi wanaijua ile ya kwanza kwa kuwa ina fedha ndani yake. Ya pili ndiyo inayowaliza watu ofisini kwangu. Sheria humhesabu mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye kazi kuwa ndiye mtunzi, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo anayefuatisha kazi ya mwenzake na kuitia saini yake anachukua picha, na anachukua pia ushahidi. Mwenye kazi ndiye anayegeuka kuwa wa kujieleza. Binti yule alipoulizwa na mnunuzi mmoja kama yeye ndiye aliyemwiga kijana, alikosa la kusema. Alinisimulia hilo macho yakiwa chini, na sijalisahau.

Sasa zile dhana za mitaani. "Nimeitoa Google." Google ni mahali ulipoiona, mwenyewe yupo. "Haina jina." Kukosa jina hakumaanishi kukosa mwenyewe. "Nimebadilisha asilimia 30, sasa ni yangu." Nimeulizwa kuhusu asilimia hizo tangu nianze kazi, na kila mara najibu kwamba sheria yetu haina kipimo cha namna hiyo, kuugeuza mchoro wa mtu, kuutia rangi au kuubadilishia mandhari, nako kunahitaji ruhusa yake. "Nimemtaja chini." Vizuri, lakini kumtaja mtu si kumwomba. "Hajasajili COSOTA," yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Hii naomba ife kabisa. Hakimiliki inazaliwa kazi inapokamilika kwenye karatasi, turubai au faili. Ndivyo ulivyo Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Tanzania imo tangu 1994: haki haisubiri usajili. Usajili unakupa ushahidi mzuri, haukupi haki ambayo hukuwa nayo.

Picha ya kamera nayo ina mwenyewe, yaani aliyeipiga. Wachoraji wa mabango na wa mabasi wanaolikuta Ziwa Ngosi mtandaoni na kulihamishia kwenye bati, haya yanawahusu. Ngosi lenyewe ni la wote. Panda mlima ukalichore.

Kuna swali ambalo linaulizwa kwa nia njema na linastahili jibu refu zaidi: je, mtindo? Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alichora wanyama kwa rangi za kung'aa za mafuta juu ya mbao nyembamba, na baada ya kifo chake mwaka 1972 ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo mpaka ukabeba jina lake. Mtindo hauna mwenye hakimiliki. Chora chui mwenye madoa ya namna hiyo, hakuna atakayekuita. Lakini chui fulani, aliyechorwa na mchoraji fulani aliye hai, mkia ukipita hapo na ndege akitua pale, huyo ana mwenyewe. Kwa sheria yetu hakimiliki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo kazi za mkono wa Tingatinga mwenyewe zimemaliza muda huo mwaka 2022. Hata hivyo muda kwisha hakukupi ruhusa ya kuandika jina lake kwenye mchoro wako, wala jina lako kwenye mchoro wake ukamwambia mnunuzi umeubuni mwenyewe. Huo ni udanganyifu, na una sheria zake nyingine.

Ukigundua kazi yako imefuatishwa, fuata utaratibu huu, na tafadhali usianze kwa kutukanana mtandaoni, kwa sababu matusi hayo huletwa mezani kama ushahidi dhidi yako. Kwanza, hifadhi. Piga picha nakala ilipo, ionekane saini, bei na mahali. Kama iko mtandaoni, hifadhi ukurasa wote pamoja na tarehe. Ukiweza, inunue moja na uchukue risiti. Pili, kusanya vyako: rasimu, karatasi za majaribio, mchoro halisi, faili lenye safu zake zote na si picha ya mwisho tu, ujumbe uliomtumia rafiki siku ulipoanza. Mtu aliyefuatisha huwa hana rasimu. Ana mstari mmoja wenye unene ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila mistari ya kupimia chini yake, na mara nyingi ukiinamisha karatasi kwenye mwanga utaona mfereji uliochimbwa na kalamu ya kufuatishia.

Tatu, mwandikie barua. Taja kazi, tarehe uliyoitoa, unachotaka (aondoe sokoni, afute saini, alipe), na siku unazompa. Baki na nakala iliyosainiwa na aliyeipokea. Nne, kama hajibu, njoo kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako. Sisi tunasikiliza na kusuluhisha. Hatutozi faini na hatukamati mtu, jambo ambalo wananchi wengi hawataki kulikubali. Tano, peleka malalamiko kwa maandishi Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, pamoja na vielelezo vyote na kitambulisho. Na mahakama iko wazi wakati wowote: inaweza kuzuia mauzo, kuamuru nakala ziharibiwe, na kukupa fidia.

Kuhusu adhabu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, Sura ya 218, ilipotungwa iliweka kwa anayekiuka akijua, na kwa biashara, faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa kosa la kwanza. Anayerudia aliwekewa faini isiyozidi milioni 10 au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Sheria imefanyiwa marekebisho tangu wakati huo, kwa hiyo asiwepo mtu wa kupiga hesabu kwa viwango hivi akidhani ndiyo gharama ya biashara. Viwango vya sasa viulizeni COSOTA.

Shauri la bibi wa ndizi halikufika huko. Kijana aliiondoa kazi sokoni, akamlipa binti sehemu waliyokubaliana ya zile alizokwisha kuuza, na nakala iliyobaki akaandika nyuma yake kwa kalamu ya wino: "Nimefuatisha kwa kujifunza. Si ya kuuza." Jina la binti limo chini ya maneno hayo.

Kwa msimu huu, kila atakayeomba nafasi bandani alete na rasimu za kazi zake, au picha za hatua alizopitia. Asiye nazo hatutamfukuza. Tutampa kiti, karatasi na penseli, achore mbele yetu kipande kimoja cha kazi aliyoileta: sikio, au mkono ulioshika kitu. Haizidi dakika kumi, na penseli tunazo.