Samatta na wa kwanza wa Afrika Mashariki
Tangu Mbwana Samatta ajiunge na Aston Villa Januari 2020, vijiweni husemwa ndiye mwana Afrika Mashariki wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Sivyo. Mkenya Victor Wanyama alishafika Southampton mwaka 2013, kisha Tottenham. Samatta ni Mtanzania wa kwanza, na hilo peke yake ni kubwa mno.

Wala hakuruka kutoka Simba moja kwa moja hadi Ulaya. Alikomaa TP Mazembe ya Lubumbashi, akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, akaenda Genk na kutwaa ubingwa wa Ubelgiji 2019. Ndipo tukamwona Wembley, Machi 1, 2020, akijirusha mbele kuifunga Manchester City kwa kichwa.