Klachi ya Triumph 650: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Miongoni mwa wanaofufua pikipiki za zamani za Uingereza, klachi ya Triumph za silinda mbili za cc 650 zilizotengenezwa kiwandani Meriden, Uingereza, husingiziwa makosa mengi ambayo, kwa kweli, ni ya mnunuzi aliyeagiza vipuri kwa kukisia au ya fundi aliyefunga kwa haraka.

Dhana iliyoenea zaidi inahusu Bonneville, mojawapo ya Triumph hizo: kwamba Bonneville ni Bonneville, hivyo seti yoyote ya pleti, yaani sahani za klachi zinazobanwa na springi, itakaa. Bonneville T120 ilipotoka mwaka 1959, giaboksi yake ilikuwa imejitenga na injini, klachi ilikuwa na springi 4 na mnyororo wake ulikuwa wa safu moja. Mwaka 1963 injini na giaboksi ziliunganishwa. Klachi ikawa ya springi 3, mnyororo ukawa wa safu mbili, na sproketi ya klachi ikawa na meno 58. Nambari ya injini husaidia kujua mwaka, lakini pikipiki ya umri huo imepitia mikono mingi na huenda ndani yake mna vipuri vya mwaka mwingine kabisa. Fungua kava, hesabu springi na safu za mnyororo, ndipo uagize.

Wengine huamini kuwa klachi inayoteleza inadai springi ngumu zaidi. Huo ni ushauri mbaya, ingawa wauzaji wanaupenda. Springi ngumu huchosha mkono na waya, huku chanzo chenyewe kikibaki palepale. Anza na waya: mkono wa klachi uwe na ulegevu wa takriban milimita 3 kabla ya kuanza kuvuta, kwa sababu waya uliokazwa mno hukifanya kijiti kinachopita ndani ya shafti ya giaboksi kiendelee kuzisukuma pleti hata usipogusa kitu. Kisha angalia oili. Pleti hizi zimeundwa kufanya kazi zikiwa zimelowa, kwa hiyo oili kukutwa ndani si hitilafu. Hitilafu ni oili ya kisasa ya gari yenye viambato vya kupunguza msuguano. Pikipiki za 1963 hadi 1969 zina oili ya pekee upande wa mnyororo, ilhali kuanzia 1970 upande huo unatumia oili moja na injini, jambo linalobadilisha kabisa uchaguzi wa oili. Oili yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki, imepimwa kwa klachi za aina hii.

Kuhusu kufunga, husemwa kwamba nati za springi zikazwe hadi mwisho, zote sawasawa. La hasha. Kaza mpaka uso wa nati ulingane na ncha ya skrubu yake, kisha vuta mkono wa klachi, kanyaga kiki polepole na uitazame pleti ya nje inavyozunguka. Ikiyumba, kaza kidogo nati ya upande unaochomoza zaidi, na urudie mpaka inyanyuke sawasawa pande zote. Chini ya kichwa cha kila nati kuna kinundu kinachoshikana na ncha ya springi ili nati isijifungue. Ndiyo maana wakati wa kuifungua hupitishwa bapa jembamba kati ya viwili hivyo.

Wapo pia wanaong'oa kitovu cha klachi kwa nyundo. Kitovu kimekaa juu ya shafti iliyochongoka, na kushikana kwa nyuso hizo mbili ndiko kunakobeba nguvu. Ufunguo mdogo, yaani kipande cha chuma kilicho kati yake, huelekeza tu. Tumia pula yake, yaani kifaa cha kuking'olea, na wakati wa kurudisha safisha nyuso hizo zibaki kavu, bila grisi. Grisi ina kazi kwenye rola 20 za beringi, ili zisidondoke unapovisha sproketi.

Mwisho ni ile hukumu kwamba klachi inayokwaruza gia asubuhi imekufa. Pleti zilizolala na oili hugandana. Kabla ya kuwasha, vuta mkono wa klachi na ukanyage kiki mara kadhaa mpaka ziachane. Ukwaruzaji ukiendelea injini ikiwa imepata moto, kagua mifereji ya basketi, yaani kikombe kinachobeba pleti: masikio ya pleti yakiwa yameichimba vijishimo, lainisha kwa tupa, na kama vimezama kiasi kwamba pleti itabaki ikicheza ndani yake, nunua basketi nyingine.