"Ajali tu" si maelezo

Juzi tena nimemsikia msimamizi wa godauni akieleza jinsi mguu wa kijana ulivyosagwa na foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo: "Ilikuwa ajali tu." Hiyo "tu" ndiyo inayonikera.

Ajali kazini ni tukio lisilokusudiwa linalomuumiza au kumuua mfanyakazi akiwa katika shughuli za kazi yake. Basi. Maana hiyo haisemi kama lingezuilika au la.

Shida imo ndani ya neno lenyewe. Tumelipata kwenye Kiarabu, ajal: muda uliopangwa, hasa mwisho wa uhai. Mpaka leo mzee wa pwani akisema "ajali yake imefika," anazungumzia kifo kilichoandikwa, si gari lililopinduka. Baadaye neno likabeba pia maana ya kuumia ghafla, lakini kudra haikulitoka, ndiyo maana tunasema ajali haina kinga. Kauli hiyo inafaa msibani, kumliwaza mfiwa. Kwenye ripoti ya godauni haina kazi.

Foklifti ina sababu zake za kuua. Inakata kona kwa magurudumu ya nyuma, hivyo mkia wake hufagia upande ambao dereva hautazami. Vyuma vya kubebea vikiwa juu na mzigo, kona moja ya kasi yatosha kuilaza. Dereva asiyefunga mkanda huruka, na kibanda humwangukia. Angebaki kitini ameshikilia kwa nguvu, angekuwa salama zaidi. Mkanda ulikatika lini? Njia ya waendao kwa miguu ilichorwa? Maswali hayo yana majibu, na yana wahusika.

Linaloniuma zaidi ni kwamba majeruhi wenyewe hudhani "ajali tu" maana yake hawana cha kudai. Sivyo. Sheria ya fidia ya Kenya ya 2007, na ya Tanzania ya 2008, hazimtaki mfanyakazi athibitishe uzembe wa mwajiri. Yatosha kwamba aliumia kazini kwa sababu ya kazi, mradi hakujitakia kwa makusudi. Kenya, dai liwasilishwe ndani ya miezi 12.

Kwa hiyo, ndugu msimamizi, neno ajali liandike kwenye fomu, ndipo mahali pake. Ila hiyo "tu" uifute, na nafasi yake uandike mzigo ulikuwa juu kiasi gani na kijana alikuwa amesimama wapi.