Je, mbu huzoea dawa ya chandarua?

Wengi tumekua tukisikia kwamba mbu akigusa dawa ya chandarua mara kadhaa, mwili wake huizoea mpaka haimuui tena. Wazo hilo linaeleweka, maana sisi wenyewe tunazoea pilipili.

Ila mbu mmoja mmoja habadiliki hivyo. Kinachobadilika ni jamii nzima, kizazi baada ya kizazi. Miongoni mwa mbu wengi, wachache huzaliwa na jeni za usugu, mathalani zinazozalisha kwa wingi vimeng'enya vya kuvunja sumu. Wenzao wakifa, wao hutaga. Anofelesi jike, yaani mbu anayeeneza malaria, hutaga mayai 50 hadi 200 kwa mara moja, na yai huwa mbu kamili ndani ya wiki moja au mbili, kwa hiyo jeni iliyokuwa adimu huenea upesi sana.

Jiulize hivi: watoto wa mbu sugu waliolelewa maabara bila kuigusa dawa nao huihimili. Mazoea wangeyapata wapi? Soma pia lebo ya chandarua chako. Baadhi ya vipya vina kiambato cha pili, PBO, kinachodhoofisha vimeng'enya hivyo. Cha zamani kisichotoboka endelea kukichomekea vizuri. Bado kinamzuia mbu asikufikie.